Lugha ya Kufunga Midomo

Maiti ilikuwa imelala chali nyuma ya kanisa, kichwa chini ya nguzo ya tangi la maji, miguu imeelekea vyooni. Damu ilikuwa imekauka kwenye kona ya saruji na kwenye changarawe. Chini ya bega la kushoto palikuwa na spana kubwa, mpini wake umepakwa rangi ya kijani.

Inspekta Mumbua wa ofisi ya upelelezi ya Mwingi alichuchumaa, akautazama uso wa marehemu, kisha akainuka upesi mno.

"Unamjua, afande?" Sajini Faki akamuuliza.

"Hapana."

Uongo mtupu! Mtu mzima, afisa wa serikali, asubuhi na mapema, mbele ya maiti. Alimjua Ndululu tangu wote wawili wakiwa na meno ya utotoni. Lakini Faki alikuwa ameshafungua kijitabu chake na kuandika, na Mumbua akamwacha aandike.

Watu wa Migwani walikuwa wamejaa kwenye ua wa kanisa. Hao ndio waliotoa jina. Ndululu, fundi wa redio, kiziwi wa sikio moja, hana mke, anaishi na mama yake mzazi, Katunge. Mtu mpole, ila alikuwa na tabia ya kujisemesha peke yake maneno yasiyojulikana.

Aliyeikuta maiti ni Mulwa, mlinzi wa kanisa, ambaye ndiye pia mfagiaji na mtunza viti.

"Jana ulimwona mtu hapa?" Mumbua akamuuliza.

"Kuona sikuona. Nilisikia. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro jioni, nafunga stoo ya viti. Watu wawili wanagombana huku nyuma, sauti sikuzitambua."

"Kwa Kikamba?"

"Si Kikamba, si Kiswahili, si Kizungu. Ni Kiarabu."

"Wewe unajua Kiarabu?"

"Sijui. Ndiyo maana nikajua ni Kiarabu."

Faki akacheka puani. Mumbua hakucheka.

"Hebu sema kama walivyosema."

Mulwa akatazama juu, akitafuta. "Walikuwa wanaongea kama wanatafuna. Mmoja anasema solop, solop, nayem. Solop, solop, nayem. Mwingine akapiga kelele. Halafu nikasikia puu! Nikasema hayo si yangu, nikaenda zangu nyumbani."

Mumbua aliyajua maneno hayo. Solop ni mara nyingine. Nayem ni mwenzangu. Mara nyingine, mara nyingine, mwenzangu. Ni maneno gani hayo ya kugombana?

"Umeelewa kitu, afande?" Faki akauliza.

"Nitaelewa nini na mtu anatafuna?"

Mchungaji Mutie alifika saa tatu, Biblia mkononi, macho mekundu. Alikuwa mwembamba, mwenye miaka arobaini hivi, na kanisa lile alilijenga yeye tofali kwa tofali. Mumbua akajitambulisha kwa jina na kwa cheo. Mchungaji akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Jana Jumapili jioni ulikuwa wapi, Mchungaji?"

"Nilikwenda Kyuso. Kulikuwa na mkutano wa maombi."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi, baada ya ibada."

"Ndululu alikuwa na shughuli gani hapa?"

"Spika zetu. Yeye ndiye fundi wetu wa vyombo, ingawa ibadani haingii." Akafumba macho. "Mungu amlaze pema."

Spana yenye mpini wa kijani haikumsumbua mtu kichwa. Migwani nzima ilijua kwamba Abdulmalik, mwenye duka la hadwea mkabala na kibanda cha Ndululu, hupaka kijani kila chombo anachoazima watu, ili kisipotee. Na Migwani nzima ilijua kwamba Jumamosi wawili hao walifokeana barabarani kwa sababu ya waya wa umeme ambao Ndululu aliupitisha juu ya paa la jirani bila kuuliza. Mwislamu, spana, ugomvi, Kiarabu. Kabla ya adhuhuri Abdulmalik alikuwa kituoni bila mshipi na bila kamba za viatu.

"Spana ni yako?"

"Ni yangu. Aliiazima Jumapili mchana. Alisema anapanda kanisani kukaza spika."

"Mligombana."

"Jumamosi. Jumapili tulikuwa sawa. Wewe hujawahi kuwa na jirani, Inspekta?"

"Saa kumi na mbili jioni ulikuwa wapi?"

"Dukani. Nilikuwa nimefunga, napanga misumari."

"Nani alikuona?"

"Misumari."

"Usifanye mzaha. Shahidi amesikia Kiarabu."

Abdulmalik akapiga meza kwa kiganja. "Kiarabu changu ni cha sala! Nimezaliwa Mwingi. Nyanya yangu aliyenilea ni Mkamba wa huko Kyuso. Mimi nikikasirika natukana kwa Kikamba, na Ndululu vilevile. Sasa tungegombana kwa Kiarabu ili nani atusikie?"

Swali zuri. Mumbua alikuwa na jibu lake kamili, na alilimeza.

Jumanne wakampeleka mahakamani. Hakimu akaruhusu polisi wamzuilie hadi Jumatatu inayofuata, siku ambayo angesomewa shtaka la mauaji. Ripoti ya upasuaji ikaja: fuvu limepasuka kisogoni kwa kugonga ukingo wa saruji, na kifuani kuna michubuko ya kusukumwa kwa mikono miwili. Alama za vidole kwenye spana ni za watu wawili tu, marehemu na Abdulmalik. Mkuu wa kituo akafurahi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

"Afande," Faki akasema walipobaki wawili. Alikuwa mzee kazini, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Mimi nimesoma madrasa miaka tisa. Maneno ya Mulwa si Kiarabu."

"Ni nini basi?"

"Mimi nakuuliza wewe. Tangu jana unatembea kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki watu wajue."

"Sijui, Faki."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kuikana lugha ile.

Walikwenda kupekua kibanda cha Ndululu. Redio zilizofunguliwa matumbo, spika, nyaya, na juu ya meza amplifaya ya kanisa iliyoletwa kutengenezwa wiki iliyopita. Faki akaibeba kama kielelezo. Mumbua akafungua sanduku la mabati lililokuwa chini ya kitanda, na humo akakuta daftari kumi na moja.

Lo! Aliketi kitandani bila kupenda.

Lugha ile iliitwa Kizumule. Waliitunga watu watatu, Ndululu, Kiema na Mumbua, wakiwa darasa la tano, kwa sababu ya kibao. Shuleni kwao ukisikika ukisema Kikamba ulivishwa kibao cha mbao shingoni, na hukuweza kukivua mpaka umnase mwingine. Aliyemaliza siku nacho alichapwa. Kizungu walikuwa hawakijui vizuri, Kikamba kilikuwa marufuku, na Ndululu akasema, basi tutengeneze cha kwetu, tuone watatuchapa kwa sheria gani.

Sauti alizichagua yeye. Kila neno lilipaswa kuishia kwa midomo kufungwa, kwa m au kwa p, ili mwalimu akitokea ghafla uwe tayari umenyamaza. Mbuzi alikuwa golom. Lakini golom peke yake haisemwi. Vitu vyote vya dunia Ndululu alivigawa makundi matatu, vilivyopo, vilivyopotea na vinavyongojwa, na kila kundi likawa na herufi yake ya mbele. Mbuzi aliyepo ni agolom. Mbuzi aliyepotea ni ogolom. Mbuzi ambaye baba ameahidi kumleta kutoka mnadani ni igolom. Kitendo kilitangulia, mtendaji akafuata. Na hakukuwa na namna yoyote ya kuamrisha. Ndululu alikataa katakata. Alisema amri wanazipata za kutosha kwa walimu.

Na sasa hapa palikuwa na daftari kumi na moja. Ndululu hakuacha. Alikuwa ameendelea peke yake, kwa miaka yote hii, kwa mwandiko uleule ulioinama. Kulikuwa na neno la umeme, neno la ukame, neno la bando la intaneti, nalo bando aliliweka katika vinavyongojwa. Mumbua akatabasamu. Akafunua ukurasa mwingine, akakuta neno la sikio. Sikio la kulia lilikuwa katika vilivyopo. La kushoto lilikuwa katika vilivyopotea.

Akalifunga lile daftari.

"Watu wanasema ni mambo ya uchawi," Faki akasema. "Wewe waonaje?"

"Waache waseme," Mumbua akajibu, na alihisi uso wake ukiwaka moto.

Maana nani alilipoteza sikio lile? Ilikuwa Ijumaa, wazazi wanakuja shuleni Jumamosi, na kibao kilikuwa shingoni mwa Mumbua. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Angemwona bintiye amevikwa kibao mbele ya watu wote. Siku nzima hakumnasa mtu hata mmoja. Saa kumi alikwenda kwa Mwalimu Mutisya na kumwambia: kuna daftari, lina lugha ya siri, la Ndululu, liko chini ya dawati lake. Mwalimu akamvua kibao palepale, akampa na peremende. Ndululu alipigwa makofi ya sikio mpaka damu ikatoka. Hakurudi shuleni tena. Mumbua aliila ile peremende.

Jumatano aliwasha gari peke yake, akapitia Kwa Vonza na Machakos, akaenda Wote. Waliokijua Kizumule walikuwa watatu. Mmoja amekufa, mmoja ni yeye. Aliyebaki ni Kiema, kinyozi, ambaye alimkuta akimnyoa mzee mmoja ndevu.

"Jumapili jioni ulikuwa wapi, Kiema?"

"Na wewe, hata salamu hakuna? Nilikuwa hapa. Muulize huyu mzee, nilimkata sikio kidogo."

Mzee akaonyesha plasta. Mumbua akangoja mpaka mteja alipoondoka, kisha akamweleza.

Kiema akazima mashine yake. "Ndululu amekufa? Yule Ndululu wetu?"

"Alikuwa anaongea Kizumule na mtu. Nilidhani ni wewe."

"Mimi? Nimebaki na maneno manne, na yote ni ya chakula." Akavuta kiti. "Wewe unakumbuka?"

"Nakumbuka yote."

"Na umewaambia wenzako?"

Mumbua akaokota kitana mezani, akakirudisha.

"Aa. Unaogopa watakuuliza la pili." Kiema aliongea bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Tulijua ni wewe, Mumbua. Nani mwingine? Jumamosi ile ulikuja shuleni shingo tupu. Ndululu aliniambia nisikuguse. Alisema kile kibao kilikuwa kizito."

"Alisema hivyo?"

"Hivyohivyo. Damu bado inamtoka sikioni."

Mumbua aliangalia sakafu iliyojaa nywele. Alitamani angetukanwa.

"Daftari lenyewe," Kiema akasema baadaye, "lile la kwanza. Lilirudi?"

"Mwalimu Mutisya alilichukua."

"Akalipeleka wapi?"

"Sijui. Nyumbani kwake, pengine. Si alishakufa?"

"Yeye amekufa. Lakini si aliacha kijana? Huyu mchungaji wenu wa Migwani ni nani kama si mwana wa Mutisya?"

Barabara ya kurudi ilikuwa ndefu. Asubuhi ya Alhamisi Mumbua aliwasha ile amplifaya ya kanisa ofisini. Ubavuni ilikuwa na memori kadi, na ndani ya kadi kulikuwa na maombi ya Jumapili nyingi, yaliyorekodiwa. Akabonyeza. Kwaya, mahubiri, vigelegele. Kisha sauti ya Mutie ikapanda, na Mchungaji akaanza kunena kwa ndimi.

Kila neno liliishia midomo ikiwa imefungwa.

Waumini walikuwa wanalia kwa furaha. Mchungaji alikuwa anasema kwamba mbuzi aliyepotea yuko nyuma ya jikoni, kwamba uji u tayari, kwamba yule mwalimu mwenye kanzu ya khaki ana miguu ya kuku. Ilikuwa ni mifano ya sarufi, neno kwa neno, kutoka ukurasa wa nne wa daftari walilolitunga watoto watatu chini ya mti wa mkakaya. "Amina!" watu wakaitikia. "Pokea! Pokea!"

Mumbua alicheka mpaka akaziba mdomo, na alipoondoa mkono alijikuta analia.

Sasa aliyajua mambo karibu yote. Ndululu alikuwa amepewa amplifaya aitengeneze, akaisikia kadi hii akiwa kibandani kwake, na Jumapili akapanda kanisani. Faki naye alikuwa amepiga simu Kyuso, na wenyeji wa mkutano wakasema Mchungaji alifika saa mbili usiku, maombi yameshaanza, shati limelowa jasho. Aliyeondoka Migwani saa kumi hawezi kufika Kyuso saa mbili labda awe amekwenda kwa magoti.

Lakini kuchelewa si kuua. Ili ushahidi usimame, lazima mtu aseme: ile lugha Mulwa aliyosikia ndiyo hii ya kwenye kadi, na mimi naijua, na naijua kwa sababu hii. Mumbua alikwenda mpaka mlango wa mkuu wa kituo mara mbili, akarudi. Badala yake akaenda kwa Mutie, akamuuliza tena habari za Kyuso. Mutie akasema gari lilipata pancha. Mumbua akaandika pancha.

Ijumaa, Nasima, mkewe Abdulmalik, alileta chakula kituoni. Alimpita Mumbua kwenye baraza bila kumsalimu. Mumbua aliona kwamba anastahili.

Ndululu alizikwa Jumamosi nyumbani kwao. Katunge, mama yake, alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kaburi, leso mabegani. Mchungaji Mutie ndiye aliyeongoza. Alisoma, akahubiri kwa ufupi, kisha akafumba macho, waumini wakaanza kuvumisha wimbo wa chini. Watu walijua kinachofuata. Mtumishi alikuwa anapandwa na Roho.

Safari hii hakusema habari ya mbuzi.

Alitaja jina la Ndululu, kwa herufi ya vilivyopotea. Alisema: nilimsukuma mimi. Mikono hii miwili, mikono iliyopotea. Nilitaka anyamaze, sikutaka afe. Yule Mwislamu aliyefungwa hana kosa. Kinywa changu kimepotea, miaka yangu imepotea.

"Amina!" watu wakalipuka. "Amina, Mtumishi! Amina!"

Na Katunge aliinua mikono yake miwili juu na kusema amina, na tena amina, kwa maneno ya mtu aliyemuua mwanawe.

Mumbua hakuweza kuvumilia zaidi. Lakini hakuvuruga. Alimwachia yule mama maziko yake mpaka koleo la mwisho. Kisha akamvuta Faki kando ya ua wa minyaa.

"Umerekodi?"

"Nimerekodi kwa simu, kama ulivyosema. Ila sijui nimerekodi nini."

"Amekiri. Amesema amemsukuma."

Faki akamtazama. "Umejuaje?"

"Kwa sababu lugha hiyo niliitunga pamoja na marehemu. Tulikuwa watoto. Halafu nikamchongea kwa mwalimu, akapigwa, akawa kiziwi."

"Unaijua tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

Sajini mzee alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Kayaseme kituoni, afande. Mimi si mtu wa kuambiwa."

Mumbua akamfuata Mutie aliyekuwa akinawa mikono kwenye mtungi wa bomba. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka karibu thelathini akasema sentensi nzima ya Kizumule, ulimi mzito: nimesikia yote, mwenzangu.

Mchungaji hakukimbia. Aliendelea kunawa, akamaliza, akanyoosha mikono iliyolowa ili afungwe pingu.

Mbele ya mkuu wa kituo Mumbua alisimama wima, akasema kila kitu, kibao, peremende na yote. Mkuu wa kituo akamwambia akabidhi jalada la kesi kwa Faki, kwa kuwa tangu sasa yeye ni shahidi, na mengine yatazungumzwa Nairobi. Kisha wakaenda kumfungulia Abdulmalik.

Alikuwa anapitisha kamba kwenye viatu vyake alipouliza, bila kuinua kichwa, "Ulijua si Kiarabu?"

"Nilijua."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Naomba unisamehe, Mzee Abdulmalik."

"Siku sita." Akavuta kamba, ikakaza. "Nasima ameambiwa sokoni kwamba mumewe ni muuaji. Watoto wangu wamejificha shuleni. Wewe ulikuwa unaona haya gani, Inspekta, kubwa kuliko hiyo?"

Abdulmalik akatoka, na mlangoni mkewe akampokea mfuko wake.

Sheria inataka ungamo lichukuliwe na afisa wa cheo cha juu asiyehusika na upelelezi. Kwa hiyo Mkaguzi Mkuu Kimeu alikuja kutoka Kitui, mtu mnene, mtaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akamwambia Mutie kwamba ana haki ya kuchagua mtu mmoja wa kukaa naye.

"Namtaka Inspekta Mumbua," Mutie akasema.

"Wakili? Ndugu? Mzee wa kanisa?"

"Huyu. Mbele ya wengine wote nimezoea kudanganya."

Kimeu akafikiri, akaona Mumbua ameshaondolewa kwenye kesi, akakubali. Mumbua akaketi ukutani.

"Lugha hii uliipata wapi?"

"Kwenye kasha la baba. Alikuwa amelitupa lile daftari humo na vibao vyake. Nilikuwa mtoto wa mwalimu, sikuwa na wa kucheza naye. Nikaisoma mpaka ikaniingia."

"Na kanisani iliingiaje?"

Mutie akasugua mikono. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikwenda kambi ya maombi ya vijana, siku tatu. Kila mmoja alijazwa Roho, akanena kwa ndimi. Mimi tu, kimya. Wakaanza kuniuliza nimeficha dhambi gani. Siku ya mwisho walinizunguka, wameniwekea mikono kichwani, wanangoja. Niliona aibu, afande. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hicho. Wakaninyanyua juu juu. Nilisema nitawaambia kesho. Ile kesho ndiyo hii."

"Hukuwa unaamini?"

"Niliamini, na bado naamini. Mahubiri yangu ni ya kweli, ndoa nilizofungisha ni za kweli. Ni ule mdomo tu."

Kimeu akaandika polepole. "Tufike Jumapili."

"Nilikuwa natoka ofisini niende Kyuso. Ndululu akatokea na ile spana. Akanisalimu kwa Kizumule. Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema tena. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Akaniambia nimekusikia kwenye kadi. Akaniomba niseme kitu. Nikasema neno moja. Akasema solop, mara nyingine, mwenzangu, mara nyingine."

"Alikutisha? Alisema atakutangaza?"

"Mimi nilidhani hivyo. Nilidhani ananicheza shere kabla ya kunianika mbele ya watu. Nikamuuliza kwa lugha hiyohiyo: nani mwingine anajua? Nikampigia kelele. Sasa nimekaa siku sita nikirudia kila neno lake, na hakuna hata moja la kutisha. Hakutaka kitu, afande. Alikuwa amechoka kujisemesha. Alitaka tu mtu wa kuongea naye."

Kalamu ya Kimeu ikasimama. "Kwa nini basi ulimsukuma wakati ule hasa?"

"Kwa sababu alinijibu. Nilipouliza nani mwingine anajua, alisema yuko mmoja, polisi, hapo Mwingi. Mimi nikasikia polisi. Mengine aliyoyasema yalipita masikioni bila kuniingia. Nikamsukuma." Mutie aliongea sasa akiangalia ukutani, upande wa Mumbua. "Jumatatu ulipojitaja jina nilijua ni wewe. Nilikungoja uniulize. Kila ukija ni Kyuso, Kyuso. Nikaona labda umesahau, au una haya kama zangu. Ndipo nikasema kaburini, nikuambie wewe peke yako."

"Huyo polisi," Kimeu akasema, "marehemu alisema nini hasa juu yake? Nataka maneno yake."

"Alisema, tutakwenda kumwita, tutakuwa watatu. Alisema amemwona akipita na gari sokoni, amekuwa mkubwa, na yeye huona haya kumsimamisha. Alisema akituona wawili pamoja atashuka."

Nje mtu alikuwa akifunga lango la kituo.

"Alimtaja kwa jina?"

Mutie akatazama tena ukutani, kwa Mumbua. Kimeu akawatazama, mmoja kisha mwingine.

"Liandike, afande," Mumbua akasema. "Andika Mumbua. Na uandike kwamba nimekuwa Mwingi miaka miwili, na kila nilipopita kwenye kibanda chake nilipandisha kioo."

Kimeu akachukua karatasi nyingine, akaandika, akampa kalamu atie sahihi.